Kupumua kwa zamu

Ndugu, umeuliza kama mtu wa miaka 46, asiyejua nota hata moja na mwenye sauti "ya kuimbia bafuni", anaweza kuingia kwaya ya kanisani asiwe mzigo kwa wenzake. Mimi niliingia nikiwa na miaka minane na sasa nakaribia 60, sijatoka. Ingia. Nitakueleza kwa nini, ila nivumilie, nikianza habari za kwaya huwa sikomi.

Hilo la sauti usilipe uzito. Walionipa tabu miaka yote hii ni wenye sauti nzuri. Kuna jamaa nimesimama naye bega kwa bega tangu ujana, sauti yake ni ya kuezua paa. Zamani kila wimbo aliufanya wake, sisi wengine tukawa wasindikizaji. Siku moja mwalimu wa kwaya akatusimamisha katikati ya mstari, akamgeukia: "Mwenzako wa kushoto amepumulia wapi?" Wa kushoto nilikuwa mimi. Jamaa akabaki anamtazama, hana jibu. Mwalimu hakuongeza neno, akatoa sauti tukaanza upya. Ukiimba mpaka humsikii jirani yako, umezidisha, hata kama kila noti umeipata.

Nilianzia sauti ya kwanza, yaani soprano, kama watoto wengi. Huko ni raha ya bure, maana melodi ni yako na kanisa zima linakufuatisha. Nilipofika miaka 14 mambo yakaharibika. Mvulana akibalehe nyuzi za sauti hurefuka na kunenepa, na sauti hushuka karibu oktava nzima, lakini haishuki kwa adabu. Leo inakuitika, kesho inakuaibisha mbele za watu. Nusu mwaka kazi yangu ilikuwa kugawa vitabu vya nyimbo na kuvikusanya.

Niliporudi nikapangwa tenor, sauti ya juu ya wanaume. Nilinuna. Ukurasa wangu wa solfa, yaani nota za herufi, doh re mi fah soh, ulikuwa na herufi moja tu, s, kisha vistari, vistari, vistari. Yaani nishike soh mapigo kumi na sita wakati wenzangu wanatembea. Hii nayo ni kuimba? Basi tukaanza. Besi wakiwa chini kwenye doh, soh yangu ilikaa kimya kama kiti cha nyumbani. Besi wakahamia kwangu kwenye soh, alto, sauti ya chini ya wanawake, wakagusa fah, na noti ileile ambayo sikuigusa ikaanza kukwaruzana na ya alto, nikaisikia inauma kabisa ndani ya sikio. Alto wakashuka nusu hatua hadi mi, besi wakarudi doh, ikatulia. Mwili ulinisisimka. Mimi sikuwa nimefanya chochote! Tangu siku hiyo hata ungenipa soprano na zawadi juu yake nisingeitaka. Baadaye nikasoma kwamba jina tenor linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya kushika, kwa kuwa zamani sauti hiyo ndiyo iliyoshika wimbo wa msingi kwa noti ndefu, nyingine zikicheza juu yake. Nikasema kumbe sikuonewa.

Sasa nota. Solfa ilibuniwa kwa ajili ya watu kama wewe hasa. Katika karne ya 11 mtawa mmoja, Guido wa Arezzo, alichoka kuona waimbaji wakipoteza miaka kukariri nyimbo moja moja kwa kusikiliza. Akachukua utenzi wa Kilatini wa Yohana Mbatizaji ambao mistari yake sita ya kwanza kila mmoja huanza noti moja juu ya uliotangulia, akatwaa silabi za mwanzo: ut, re, mi, fa, sol, la. Karne ya 19 huko Uingereza mwalimu Sarah Glover akaziweka katika herufi za kuandikika, na mchungaji John Curwen akazirekebisha na kuzisambaza ili watu wa kawaida waweze kusoma wimbo bila kujua zile nota za mistari mitano. Ut ilishageuka doh, na noti ya saba iliyoongezwa baadaye ikaitwa si ikawa ti, isigongane na soh kwa herufi s. Ndiyo hizo d r m f s l t utakazokuta kwenye karatasi yako. Miezi michache zitakuwa zimekukaa. Nenda na penseli, na uombe kusimama mbele ya mtu anayeijua sauti yako vizuri. Mbele yake, siyo kando, sauti yake ikuingie kutoka nyuma. Nimewaona wengi wakijifunza hivyo haraka kuliko waliokazia macho karatasi.

Kitakachokusumbua zaidi ya nota ni pumzi. Noti ndefu hakuna anayeimaliza peke yake, tunapumua kwa zamu. Usipumulie anapopumulia jirani yako. Na usipumue mwisho wa neno, maana hapo kila mtu anapatamani. Toka katikati ya irabu, punguza polepole mpaka unyamaze, vuta pumzi bila kuinua mabega, kisha rudi chinichini kabla ya kukaza. Ukifanya vizuri msikilizaji hajui kama ulitoka. Watafiti wa Gothenburg, Sweden, walichapisha mwaka 2013 kwamba waimbaji wa pamoja mapigo ya moyo huelekea kuongeza na kupunguza kasi kwa pamoja, kwa sababu wimbo unawapangia pumzi. Sisi wa kwenye mabenchi tulikuwa tunahisi hivyo, ila hakuna aliyetupima.

Mama yangu alipofariki niliambiwa nikae na familia. Nikakataa, nikasimama mahali pangu, tenor, mstari wa pili. Beti mbili nikaimba vizuri, nikajiona mwanamume. Ubeti wa tatu koo likafunga. Siyo kwamba nililia, hapana, mdomo ulikuwa wazi na hakuna kilichotoka. Upande wangu wa kulia yule jamaa wa kuezua paa, ambaye wakati huo tulishakuwa wazee pamoja, hakunigeukia wala kunishika bega. Aliongeza sauti kidogo tu, kiasi kile nilichokuwa nimeacha, na alipoishiwa pumzi wa nyuma yangu akapokea. Nilirudi kwenye amina.

Msiba ule ulirekodiwa, na rekodi ninayo. Ninajua ni ubeti wa tatu, nimeusikiliza kwa spika za masikioni usiku watu wakiwa wamelala, lakini mahali penyewe nilipoachia sijapapata mpaka leo.