Maswali na Majibu: Sharn, Jiji la Minara, Mtaa kwa Mtaa

Tangu niliposema kwamba kundi letu la Jumamosi limehamishia mchezo Eberron, maswali yamekuwa hayakatiki, na karibu yote yanauliza habari za jiji moja. Kwa aliye mgeni: Eberron ni ulimwengu wa kubuni wa Dungeons & Dragons, ule mchezo wa kuigiza wahusika ambao msimamizi hueleza mahali na matukio, nanyi wengine mnaamua wahusika wenu wanafanya nini. Mwaka 2002 kampuni ya Wizards of the Coast iliwaalika watu walete mawazo ya ulimwengu mpya. Yalikuja takriban 11,000, likashinda la Keith Baker. Kitabu kikatoka 2004, na mwaka huohuo jiji la Sharn likapewa kitabu chake lenyewe. Liko nchi ya Breland, mto Dagger unapoingia baharini.

*Historia ya Sharn ni ndefu mno. Kweli inahitajika mezani, au ni mapambo ya kitabu? (Msomaji, Arusha)*

Inahitajika, ndugu yangu, kwa sababu Sharn imejengwa juu ya Sharn nyingine, nayo juu ya nyingine tena. Wa kwanza kujenga hapo walikuwa goblini, viumbe wa kubuni wafananao na watu, wa dola ya Dhakaan, maelfu ya miaka kabla binadamu hawajafika barani Khorvaire. Dola ile ilipoporomoka, goblini wakabaki wakiishi kwenye magofu ya wazee wao. Ndipo wakaja binadamu kwa bahari, na Malleon, aliyeitwa Mporaji, akauteka mji na kuwafanya goblini watumwa. Baadaye mfalme Breggor akaung'oa ukoo wa Malleon, mji ukajengwa upya.

Pigo kubwa lilikuja kwenye Vita vya Alama, kama miaka 1,500 kabla ya wakati wa mchezo. Eberron kuna watu wanaozaliwa na alama ya joka mwilini, mchoro unaompa mtu uwezo wa uchawi. Koo zenye alama zinazotambulika ziliungana kuwawinda wale ambao alama zao zilitoka tofauti, zikiwaita hatari kwa wote. Wawindwa wengi walikimbilia Sharn, chini ya Halas Tarkanan na mwanamke aliyejulikana kama Bibi wa Tauni. Walipoona wamezingirwa na hakuna pa kutokea, Tarkanan aliitikisa ardhi mpaka minara ikaanguka, na yule bibi akaachilia maradhi na wadudu. Jiji likahamwa. Lilikaa gofu kwa mamia ya miaka hadi mfalme Galifar wa Kwanza alipoamuru lijengwe tena.

Sasa fikiria wachezaji wako wanashuka kwenye mifereji ya maji machafu kumtafuta mtoto aliyepotea. Wakishuka kidogo wanakuta ukuta wa enzi za Galifar. Wakishuka zaidi, milango iliyozibwa, na nyuma yake jiji lililokufa kwa tauni. Chini kabisa, mawe yaliyochongwa na goblini. Huna haja ya kuwasomea historia; wanaipita kwa miguu.

*Kata ziko nyingi, majina mengi. Nianzie wapi? (Msomaji, Nakuru)*

Anza na mambo mawili: upande na kimo. Jiji limegawanyika pande tano: Central, Northedge, Dura, Menthis na Tavick's Landing. Kila upande una kata ya juu, ya kati na ya chini. Ukisikia mtu anakaa Dura ya Chini umeshajua mfuko wake. Ukisikia Central ya Juu, pia umejua. Nje ya hizo kuna Cliffside iliyoshikilia jabali kando ya mto, kuna Cogs chini ya ardhi ambako viwanda vinaendeshwa kwa joto la lava, na juu ya vyote kuna Skyway, mtaa wa matajiri unaoelea hewani.

Minara inafika kimo cha kilomita moja na nusu, na sababu yake ipo. Jiji limekaa mahali ambapo ulimwengu mwingine, Syrania, uko karibu sana, na ukaribu huo unaongezea nguvu uchawi wa kuruka na kuelea. Hapo ndipo ninapompenda mbunifu wake: hakuweka minara kwa sababu inapendeza kwenye picha. Aliweka chanzo kimoja, akaacha kila kitu kitokee hapo: minara, teksi za angani, mashindano ya kuruka kule Dura, na tabaka la watu wasioliona jua mpaka wapande lifti.

Mezani kwangu tulianza Chuo Kikuu cha Morgrave, Menthis ya Juu. Wachezaji wakapewa kazi ya kupeleka bahasha Dura ya Chini. Sikuwaeleza ramani. Niliwaambia tu yanayobadilika lifti ikishuka: kwanza upepo unakata, halafu anga inakuwa ufa mwembamba kati ya madaraja, halafu matone yanaanza kuwadondokea ilhali mvua hainyeshi, maana ni maji ya watu wa juu. Mmoja wao akauliza kwa sauti ya chini, "Hawa wa huku wanakunywa nini?" Swali hilo likatupa vikao vitatu.

*Teksi za angani zinaweza kutupeleka mji mwingine? (Msomaji, Kampala)*

Hapana. Zinategemea ule ukaribu wa Syrania, kwa hiyo kazi yao inaishia Sharn na viunga vyake. Kwa safari ndefu kuna treni ya umeme, na mwenye pesa atapanda meli ya angani.

*Ni mtaa gani mmoja ambao msimamizi asiukose? (Msomaji, Mombasa)*

Fallen, Dura ya Chini. Zamani uliitwa Godsgate, mtaa wa mahekalu. Wakati wa Vita vya Mwisho, nitakavyovieleza kwenye swali la Cyre hapa chini, mwaka 918 kwa kalenda ya Galifar, Mnara wa Kioo uliokuwa ukielea juu yake ulianguka. Waliokuwemo na waliokuwa chini walikufa pamoja, na aliyeuangusha hajapatikana kwa ushahidi. Mchezo unaanza mwaka 998, yaani miaka 80 baadaye, na bado magofu yapo vilevile.

Jiji lenye utajiri wa kuelea hewani limeshindwa kuzoa kifusi kwa miaka 80. Nikiwapitisha wachezaji pale nawaonyesha kitu kimoja tu: vipande vya kioo ambavyo watoto wameviokota na kuvitundika mlangoni vilie upepo ukipita. Chini kule upepo haufiki, kwa hiyo havilii.

*Wachezaji wangu wakiona goblini wanachomoa panga. Nifanyeje? (Msomaji, Mwanza)*

Wapeleke Malleon's Gate, Dura ya Chini. Ni mtaa ambao wakazi wake wengi ni goblini, mafundi na wabeba mizigo, na unabeba jina la mtu aliyewafanya mababu zao watumwa. Lisome tena jina hilo taratibu. Mpe goblini mmoja mzee duka la kushona viatu, na mchezaji ambaye kiatu chake kimepasuka. Wakati mzee anapitisha uzi, mwache aeleze mababu zake walijenga nini hapo na nani alikuja kuwapokonya. Nimeshafanya hivyo kwa kundi lililokuwa na mikono myepesi, na hakuna aliyegusa panga. Katika michezo mingi goblini ni wa kuuawa ili mchezaji apate pointi. Eberron imewapa kumbukumbu, na kumbukumbu hiyo tusiitupe.

*Nani aliiangamiza Cyre? (Msomaji, Dar es Salaam)*

Cyre ni nchi iliyoangamia wakati wa Vita vya Mwisho, kwa hiyo nianze na vita vyenyewe. Jarot, mfalme wa Galifar, alifariki mwaka 894 akiacha watoto watano, kila mmoja akitawala sehemu yake. Kwa desturi kiti kilikuwa cha Mishann wa Cyre, mtoto wa kwanza. Watatu kati ya ndugu zake walikataa, na vita vikaenda mpaka mkataba wa Thronehold, mwaka 996. Miaka miwili kabla ya mkataba, kwa siku moja, Cyre yote ilimezwa na ukungu wa kijivu. Walioiona siku ile wanaiita Siku ya Maombolezo.

Chanzo hakikuandikwa, na si kwamba waandishi walisahau: kimeachiwa kila meza iamue. Ushauri wangu, usikiamue mapema. Nenda kwanza High Walls, Tavick's Landing ya Chini, walikorundikwa wakimbizi wa Cyre. Vita vilipoanza, mtaa huo wenye malango na kuta za ngome ndiko walikowekwa raia wa nchi adui ili waangaliwe. Vita vimeisha, kuta zimebaki, na walio ndani leo ni watu wasio na nchi ya kurudi. Kila mmoja ana jibu lake la nani alifanya. Yasikilize yote, kisha uchague linalowauma wachezaji wako.

*Tunacheza kwa Kiswahili. Majina tuyaache au tuyatafsiri? (Msomaji, Tanga)*

Majina ya watu na nchi tuliyaacha. Mitaa tuliitafsiri, na hatukujuta hata siku moja. Kiswahili kina "-ni" ya mahali, na jina likiishia hivyo mtu anahisi kuna watu wanaishi hapo. Cogs tukaiita Viwandani. Skyway ikawa Mawinguni. Fallen tulibishana kikao kizima: mmoja alitaka Magofuni, mwingine Kifusini. Mwishowe yule dada anayeigiza kasisi akasema, wenyeji wasingeuita mtaa wao kifusi, wangeuita kwa kilichowaangukia. Kwetu unaitwa Kiooni.