Ukumbi wa chuo unavuma, maneno hayasikiki: tufanye nini?

SWALI: Ndugu mbunifu majengo, habari za kazi. Mimi ni mkufunzi wa chuo cha ualimu mkoani Iringa. Tuna ukumbi mpya wa urefu wa mita 24, upana 15, na dari iko mita 5 kutoka chini. Sakafu ni marumaru, kuta zina plasta na rangi ya mafuta, dari ni jipsamu. Siku ya mahafali, watu 300, tulisikilizana vizuri. Wakikaa 60, wawe wanachuo au wanakijiji tunaowaazima ukumbi kwa mikutano, sauti inavuma tu. Tuliongeza spika mbili nyuma, ikawa balaa. Fundi anasema tubandike trei za mayai. Zitasaidia?

JIBU: Nzuri, Mwalimu. Trei za mayai acheni kabisa. Ni karatasi nyepesi: sauti nyingi inarudi ilikotoka, na zikishika moto haziokoki. Hata sponji ya magodoro msiigundishe darini. Mwaka 2013, katika klabu ya Kiss mjini Santa Maria, Brazili, cheche za fataki ziliwasha sponji iliyowekwa darini kuzuia kelele. Walikufa watu 242, wengi wao kwa moshi wa sumu.

Vipimo ulivyonipa vinatosha kuonyesha tatizo liko wapi. Wallace Sabine, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alipewa kazi kama hii mwaka 1895: ukumbi mpya wa mihadhara, mhadhiri anaongea na hakuna anayeelewa. Usiku, mji ukiwa kimya, alihamisha mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, akapuliza filimbi ya kinanda na kupima kwa saa sauti inachukua muda gani kufifia. Akapata kanuni tunayoitumia hadi leo: chukua ujazo wa ukumbi, zidisha kwa 0.16, gawanya kwa eneo linalofyonza sauti. Jibu ni sekunde. Kipimo chake cha eneo hilo kilikuwa dirisha lililo wazi, kwa kuwa sauti ikishatoka nje hairudi.

Ukumbi wenu una mita za ujazo 1,800. Sakafu, kuta na dari zina jumla ya mita za mraba 1,110, ila kwa marumaru, plasta na jipsamu hazifyonzi zaidi ya kama asilimia 4. Hiyo ni sawa na dirisha wazi la mita za mraba 44. Ukiwa mtupu, basi, sauti inakaa hewani zaidi ya sekunde 6. Mtu mmoja na nguo zake hufyonza karibu nusu mita ya mraba. Watu 60 wanaishusha hadi karibu sekunde 4. Watu 300 hadi 1.5. Siku ya mahafali mlisikilizana kwa sababu ya miili ya wageni wenu. Viti vya plastiki havisaidii kitu.

Kwa hotuba tunatafuta sekunde 1 hadi 1.3, na Kiswahili hakivumilii mvumo mrefu. Fikiria mwenyekiti anasema “mtalipa” na mwingine “mmelipa”. Tofauti yote imebebwa na silabi moja katikati ya neno, nayo inafunikwa na mvumo wa silabi iliyotangulia. Nimewahi kukaa kwenye kikao ambacho watu walibishana nusu saa juu ya mchango, kumbe hawakusikia kitu kimoja.

Spika za nyuma zinamwaga sauti zaidi ndani ya chombo kisichofyonza. Ziondoeni. Tumieni spika nyembamba za wima pande mbili za jukwaa, zielekee watu, sauti ndogo.

Tiba yenyewe ni kufunika nusu ya dari, mita za mraba 180, na mita za mraba 40 za ukuta wa nyuma unaotazama jukwaa. Wekeni pamba ya nyuzi za mawe ya unene wa sentimita 5, ivikwe kitambaa kisichoshika moto, juu yake mbao nyembamba zilizoachiana nafasi. Msiipake rangi, itaziba vitundu vinavyofanya kazi. Hapo watu wenu 60 watapata kama sekunde 1.2. Wanakijiji wakija kujenga ukumbi wao, waambieni ukuta wa nyuma uwe wa matofali ya matundu tangu mwanzo: unatoa sauti na joto kwa pamoja, tena kwa bei ya tofali.

Kabla ya kununua chochote, fanyeni alichofanya Sabine. Chuo chenu kama kina bweni, kina magodoro. Jumamosi moja azimeni 80, yasimamisheni kwenye ukuta wa nyuma na kuta za pembeni, mkae watu 60, mmoja asome jukwaani orodha ya maneno yanayokaribiana: amelipa, atalipa, alilipa. Walio nyuma waandike wanachosikia. Kisha ondoeni magodoro, msomaji asome orodha nyingine, mlinganishe makosa. Mkaguzi wa fedha akiuliza pamba ya nini, muonyesheni karatasi hizo. Jioni magodoro yarudi bwenini, yasilale ukumbini hata usiku mmoja.