Nimpate wapi mchanganuzi wa nafsi, na atanifanyia nini?

SWALI

Shangazi, shikamoo. Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Mombasa, naishi London mashariki. Mama alikwenda Muscat kufanya kazi za ndani nikiwa mdogo, nikalelewa na bibi Likoni. Sasa ni mtu mzima, lakini kila mwanamume anayenipenda kwa dhati namkimbia kabla hajaniacha. Wa mwisho alikuwa ameshaleta posa. Nilipata vikao vya simu kupitia NHS, huduma ya afya ya umma ya hapa Uingereza, nikajaza fomu na kufundishwa kupanga mawazo. Usingizi ulirudi kidogo, ila hili la kukimbia liko pale pale. Mwenzangu wa kazini ameniambia nitafute mtu wa psychoanalysis, yaani uchanganuzi wa nafsi. Nimeona bei nikaogopa. Nitamjuaje wa kweli? Ni lazima nilale kwenye kochi? Na siri zangu je?
Muuguzi, Newham

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa hiyo posa.

Nianze na bei, maana ndiyo inayowarudisha watu wengi mlangoni. London, kwa mtaalamu binafsi, ni kawaida kuombwa paundi 60 hadi 120 kwa kikao cha dakika 50. Lakini vyuo vinavyofundisha kazi hii huhitaji watu wa kutibiwa na wanafunzi wao wa ngazi za juu, na huko ada hupunguzwa kulingana na kipato chako. London Clinic of Psychoanalysis, iliyofunguliwa 1926, ni mojawapo. British Psychotherapy Foundation nao wana mpango wao. Usiogope neno mwanafunzi. Mara nyingi ni mtu aliyekwishafanya kazi ya udaktari, saikolojia au ustawi wa jamii, anasimamiwa na mkongwe, na ni sharti naye awe anachanganuliwa. Ugumu uko kwenye muda: watataka uje mara tatu au hata tano kwa wiki, na uahidi kuendelea kwa muda mrefu, miaka miwili hivi. Kwa mtu wa zamu za usiku hilo ni zito kuliko pesa, kwa hiyo uliza mapema.

Hata NHS wana tiba fupi ya mkondo huu kwa wenye sonona, vikao 16, inaitwa Dynamic Interpersonal Therapy. Haipatikani kila mtaa, na usipoitaja kwa jina huenda usitajiwe. Pia kuna Nafsiyat, kaskazini mwa London, kituo kilichoanzishwa 1983 na Jafar Kareem kwa ajili ya watu wa tamaduni mbalimbali, nacho hutoa tiba kwa lugha nyingi. Piga simu uulize kama wanaye wa Kiswahili, na kama wanapokea wakazi wa Newham.

Kuhusu wa kweli na wa uongo: sheria ya Uingereza hailindi jina la psychotherapist, yaani mtaalamu wa tiba ya mazungumzo, hivyo yeyote anaweza kulibandika mlangoni. Wewe tafuta jina lake kwenye rejista ya British Psychoanalytic Council au UKCP (UK Council for Psychotherapy), ambavyo ni vyama vya wataalamu hawa, mtandaoni, bure. Asipokuwepo kwenye rejista yoyote inayotambulika, mwache hata kama sauti yake ni ya upole.

Kochi si lazima. Ukienda mara moja kwa wiki, kwa kawaida mtakaa kwenye viti mkitazamana. Kochi ni la wanaokwenda mara nyingi zaidi, na mchanganuzi hukaa nyuma ya kichwa chako ili usishughulike kumsoma uso. Lile la Freud mwenyewe, mwanzilishi wa tiba hii, liko Hampstead, 20 Maresfield Gardens, nyumba aliyofia 1939, limefunikwa zulia la Kiajemi. Siku ya mapumziko nenda ukalione. Hofu nyingine hupungua ukiona kitu chenyewe.

Sasa nikueleze yanayotokea chumbani, maana hapo ndipo watu wetu wengi hukatishwa tamaa. Sisi tumezoea kuulizana habari za nyumbani, za kazi, za watoto, ndipo tufike kwenye neno. Huyu atakufungulia, ataketi, atanyamaza. Hatakuuliza umekula nini wala hatakwambia ana watoto wangapi. Utahisi amekudharau. Hajakudharau, amekuachia nafasi uanze na lolote linalokujia, liwe ndoto, hasira uliyoipata kwenye basi, au wimbo aliokuimbia bibi yako. Likija kwa Kiswahili, liseme kwa Kiswahili kwanza, kisha mweleze.

Hatakushauri uolewe au usiolewe. Atasikiliza namna unavyokaa naye yeye. Chukua mfano wa Agosti, mwezi ambao wachanganuzi wengi wa London hufunga kwa wiki kadhaa. Tuseme Julai inaingia nawe unaanza kuchelewa, kisha unasema zamu zimekubana, heri uache. Fomu za simu zisingeliona hilo. Yeye atakuuliza kwa utulivu kama unamwacha kabla hajakuacha. Hapo Muscat na ile posa vinakuwa mbele yenu wote wawili, na safari hii mtu unayetaka kumkimbia yupo, anaweza kuzungumza nawe. Naiamini tiba hii kwa sababu hiyo hasa, na kwa shida uliyonieleza naona inakufaa.

Si dawa ya kila kitu. Utafiti wa Tavistock, kliniki ya NHS hapa London, uliochapishwa 2015 uliwafuatilia watu 129 wenye sonona sugu. Miaka miwili baada ya tiba kwisha, asilimia 44 ya waliopata tiba hii hawakuwa tena na sonona kali, dhidi ya 10 kwa waliopata matibabu ya kawaida tu. Waliopona kabisa, bila dalili hata moja, walikuwa wachache.

Siri zako atazitunza. Atazungumzia kazi yake na msimamizi bila kukutaja jina, na kwa kawaida atavunja usiri pale tu maisha yako, ya mtu mwingine au ya mtoto yakiwa hatarini. Na ukijikuta unawaza kufa, usingoje miadi: piga 111 uchague huduma ya afya ya akili, au Samaritans, watu wa kujitolea wanaosikiliza kwa simu, 116 123, saa yoyote.

Wiki hii waandikie wawili, si mmoja, uombe kikao cha kwanza cha kufahamiana. Kikao hicho nawe unampima. Waambie ni muuguzi wa zamu, unaweza kulipa kiasi gani, na shida yako kwa mistari miwili kama ulivyoniandikia mimi. Kisha uliza: umesajiliwa wapi, unafunga miezi gani, na nikikosa kikao kwa sababu ya zamu, nitalipa? Wengi watasema utalipa. Afadhali ulijue hilo kabla hujapanga rota ya mwezi ujao.