Machi ni 町 au 街? Jibu kwa anayejifunza Kijapani

Mkuu, umeuliza kwa nini programu yako inakupa "machi" kwa 町, kesho yake kwa 街, zote zikiwa "mji", halafu zinakuja toshi na tokai na kukuvuruga kabisa. Nimesoma na kuishi Kobe, jiji la bandari huko Japani, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyakuta huko.

Kwanza, machi hii haihusiani na mwezi wa tatu. Huo wao wanauita sangatsu. Tuendelee.

Neno letu "mji" limebeba kila kitu: Dar ni mji, Korogwe ni mji. Lakini hebu sikiliza "mjini". Mtu wa Mbagala akikwambia anaenda mjini, Dar yupo tayari, ila anamaanisha Kariakoo au Posta, kwenye maduka na pilikapilika. Hiyo ndiyo 街. Anayekaa pembezoni mwa Kobe akisema "machi ni iku", ("naenda mjini"), ujue anaelekea Sannomiya, katikati ya jiji. Ukiitazama vizuri 街 utaona 行, "kwenda", imepasuliwa katikati; alama hiyo ilianza kama mchoro wa njia panda. 町 nayo ina 田, shamba la mpunga, upande wa kushoto. Mimi nilizishika hivyo: penye njia na maduka ni 街, penye makazi na anwani ni 町.

Usiishike kama msahafu, lakini. Kobe kuna mtaa wa Wachina unaitwa Nankinmachi, 南京町. Yokohama kuna mwingine, shughuli ni zilezile za kula na kununua, unaitwa Chukagai, 中華街. Jina likishakaa limekaa. Na hapohapo Kobe kuna Motomachi Shotengai, mtaa mrefu wa maduka ulioezekwa paa: 元町商店街. Zote mbili ziko kwenye jina moja! Ya kwanza inasomwa machi, ya pili gai. Bango lile lilinifundisha kuliko kadi za msamiati.

Sasa 町 ina kazi nyingine ambayo 街 haina: ni ngazi ya serikali za mitaa, chini ya shi (市), yaani jiji. Kwa kawaida 町 ikitaka kupanda kuwa shi, sharti mojawapo ni wakazi 50,000. Hata hivyo Fuchu, iliyozungukwa na jiji la Hiroshima, imevuka idadi hiyo na bado ni 町, wakati Utashinai kule Hokkaido, kisiwa cha kaskazini, mji wa zamani wa makaa ya mawe, umebaki na watu wasiofika 4,000 na bado ni shi. Tokyo ndiyo usiseme: Jiji la Tokyo lilifutwa mwaka 1943, sasa ni "to" (都), ngazi ya mkoa, yenye wilaya maalumu 23 katikati yake.

Kinachotesa wageni zaidi ni matamshi. 町 ya kiserikali huweza kusomwa chō au machi, kutegemea mkoa. Hokkaido zote ni chō isipokuwa moja tu, Mori, ambayo ni machi. Ndani ya Tokyo kwenyewe utapanda treni upite Yurakucho, vituo vichache mbele ukute Okachimachi. Hakuna kanuni ya kukuokoa hapo, unakariri jina zima.

Toshi (都市) ni neno la vitabuni na la mipango miji, utalikuta kwenye habari. Tokai (都会) ni la mdomoni, ni mjini kwa maana ya maisha ya mjini, na kinyume chake ni inaka, shamba. Ukiulizwa kwenu ni wapi, tokai na inaka ndiyo utakayotumia.

Kwa mtihani wa Kijapani (JLPT) wa ngazi ya chini kabisa, N5, jifunze 町 kwanza. 街 itakuja yenyewe. Na siku ukijaza fomu ya anwani, juu ya mstari kuna nafasi ya kuandika matamshi kwa kana, herufi za Kijapani zinazoandika sauti. Hiyo haikuwekwa kwa ajili yetu wageni tu, hata Mjapani wa mkoa mwingine anauliza: hapa ni chō au machi?