Mke wa Sonkajärvi: anabebwa, anaelekwa au anapakatwa?

Msomaji anauliza: "Nimetafsiri habari ya yale mashindano ya Ufini ambayo mwanamume hukimbia huku amemchukua mwanamke. Niliandika 'mashindano ya kubeba wake'. Mhariri akabadilisha ikawa 'kueleka wake', akisema kubeba ni kwa mizigo. Nani yuko sahihi? Na katika michezo mingine ya huko, simu na gambuti hutupwa au hurushwa?"

Kitenzi chako kibaki, ila "wake" liondoke.

Kueleka hakuendi bila mbeleko. Ni kumweka mtoto mgongoni na kumfunga kwa nguo, kanga kwa kawaida, ili mikono ya mama ipate kufanya kazi. Huko Sonkajärvi, mbio hizi zinakofanyika tangu 1992, kifaa pekee cha kushikia kinachoruhusiwa ni mkanda kiunoni mwa mbebaji. Nguo ya kumfungia mwenzake hakuna. Kupakata nako hakufai, maana kunataka mapaja au kifua, na aliyepakata hakimbii mita 253.5 zenye vizuizi viwili vya nchi kavu na dimbwi la maji la kina cha kama mita moja. Mzegamzega huhitaji mikono ya zaidi ya mtu mmoja. Kujitwika ni kichwani. Kiswahili huchagua kitenzi kwa kuangalia mzigo umekaa wapi mwilini, na mahali pasipo na kitenzi chake maalumu, kubeba ndiko hushika nafasi. Wala si kweli kwamba ni kwa mizigo tu: mtoto aliyechoka njiani husema "nibebe".

Kwa hiyo andika kubeba, kisha taja mahali. Wako wanaobeba mgongoni, na wako wanaomlaza mwenzao begani. Mtindo wa Kiestonia, ambao wenye kasi wengi huupenda, eleza kwa maneno kamili: mwanamke ananing'inia kichwa chini mgongoni mwa mwanamume, miguu ameipitisha mabegani kwake, mikono imemkumbatia kiuno. Uzito unakaa karibu na mwili na mikono ya mkimbiaji inabaki huru. Ubaya wake huonekana dimbwini, kwa kuwa kichwa cha anayebebwa ndicho kinachotangulia kuingia majini. Ukiandika "kueleka", picha hii yote inapotea; msomaji ataona mtu ametulia mgongoni, uso juu.

Sasa "wake". Neno hili ni wingi wa mke, na pia ni kimilikishi. Kichwa cha habari "Ashinda kwa kubeba wake" kitasomeka "kwa kubeba mke wake mwenyewe", na hapo utakuwa umekosea habari yenyewe, kwani kanuni zinaruhusu mke wako, wa jirani, au uliyempata mbali zaidi. Sharti la uzito ni angalau kilo 49. Akipungua, hubebeshwa mfuko wa kufidia. Jina la Kifini, eukonkanto, limeundwa kwa eukko, neno la mazungumzo kwa mke au mwanamke mtu mzima, na kanto, yaani kubeba. Ningeandika "mbio za kubeba mke", kwa umoja, halafu ndani ya habari nitumie "mbebaji" na "mwenzake".

Kuna mtego mwingine, na huu ni wa kurasa zetu za michezo. Tumezoea "yabeba kombe", "abeba ubingwa". Ukiandika "Mfini abeba mke", msomaji atadhani mke ndiye zawadi. Zawadi ni bia, uzito wake sawa na wa mwanamke aliyebebwa. Andika "aibuka mshindi wa mbio za kubeba mke", hata kama kichwa kitarefuka.

Simu na gambuti hurushwa. Kutupa si kosa la sarufi, maana tunatupa jiwe na tunatupa nyavu, lakini kitu cha matumizi kikitupwa, akili hukimbilia jalalani. "Wafini watupa simu" inasikika kama wamezichoka. Riadha imekwisha kutuonyesha njia: kurusha mkuki, kurusha kisahani, kurusha tufe. Basi mashindano ya Savonlinna, yaliyoanza 2000, ni ya kurusha simu, na buti la mpira lifuate hapo hapo.

Ukifika Oulu, ambako tangu 1996 watu hushindana kwa gitaa lisilokuwepo, usiandike "gitaa la hewa". Msomaji ataona ala ya kupulizwa. Andika "kuigiza upigaji gitaa": vidole vinacheza, nyuzi hakuna.