Muulize Fundi Taa: Baluni la taa bila ya gesi

Assalaam alaykum mjomba Fundi Taa. Sisi ni vijana watano wa Jang'ombe, tunatengeneza filamu fupi na sini yetu kubwa ni ya usiku, bibi anawahadithia wajukuu zake kwenye uwanja wa ndani wa nyumba ya Mji Mkongwe. Tumeona huko nje wanatumia baluni kubwa jeupe linaelea juu, taa imo ndani, mwanga wake laini kama mbaamwezi. Sisi tulijaribu taa moja kali tukaiweka dirishani, kivuli cha pua ya bibi kikamfunika mdomo na mtandio wake ukang'ara mpaka maua yake hayaonekani. Tuna laki moja na nusu. Tunaweza kujitengenezea hilo baluni, na gesi tutaipata wapi?
*Vijana wa Jang'ombe, Unguja*

Waalaykum salaam wanangu. Nianze na gesi manake ndio inayowapotezea muda. Hizo baluni mlizoziona, zile wanazotengeneza kina Airstar wa Ufaransa na wengineo, zinajazwa heliamu ndio zinaelea. Sasa heliamu mita moja ya ujazo inanyanyua kama kilo moja tu, basi. Baluni la duara lenye upana wa mita moja linaingia nusu mita ya ujazo na kidogo, yaani litanyanyua nusu kilo, na hapo hamjaweka kitambaa, hamjaweka waya, holda wala balbu. Mkitaka linyanyue kilo tatu lazima upana wake ukaribie mita 1.8 na liwe halivuji popote, na kila mkimaliza kupiga picha gesi ndo ishakwenda, kesho mnanunua tena. Hela yenu itaishia hapo. Na akitokea mtu akakwambieni basi tumieni haidrojeni, mkatalieni hapo hapo. Haidrojeni inawaka, na nyinyi mnataka kuiweka pamoja na waya wa umeme juu ya kichwa cha bibi wa watu.

Lakini habari njema ni kwamba gesi haihusiki kabisa na ule ulaini mnaoutaka. Gesi kazi yake kunyanyua tu. Ulaini wa mwanga unatokana na ukubwa wa kile kitu kinachowaka ukilinganisha na umbali wake kutoka kwenye uso. Angalieni jua la saa sita pale Darajani, jua lenyewe ni kubwa sana lakini lipo mbali mno, kwa macho yetu ni kijiduara kidogo, ndo maana kivuli cha mtu kinakatika kama kimekatwa kwa kisu. Siku ya masika wingu likitanda mbingu nzima inakuwa ndio taa, na kivuli hukioni. Balbu yenu ya dirishani ilikuwa jua la saa sita. Mnachotaka ni kumletea bibi wingu lake karibu, na wingu linashonwa kwa fundi cherehani.

Tafuteni mpira mweusi wa maji wa nusu inchi, ule mgumu kidogo unaouzwa kwa mita kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Kateni vipande viwili vya mita 3.15 kila kimoja, unganisheni ncha kwa kiungio chake mpate pete mbili zenye upana wa mita moja. Moja ya juu, moja ya chini, na kati yao kitambaa cheupe kirefu mita 3.3, kimo chake sentimita 80. Mwambieni fundi akate upindo juu na chini kama anashona pazia, pete ndo inapita humo, alafu kipande kingine cha duara kifunike chini. Likikaa linakuwa kama ngoma kubwa. Mtu atakwambieni lazima liwe duara kamili kama dafu, na kweli duara linapendeza, lakini kushona vipande vinane vikutane juu bila ya mikunjo ni kazi ya siku mbili, na kwa uso wa bibi tofauti hamtaiona.

Kitambaa sasa, hapa nna kisa. Mara yangu ya kwanza kutengeneza kitu kama hichi nilinunua bafta, manake nyeupe, nyepesi, rahisi, na pamba inastahamili joto kuliko nailoni. Nikaitundika nje usiku kwenye mtaa mmoja wa Ng'ambo nijaribu. Haikupita robo saa bi mkubwa mmoja wa jirani akaja kasimama na mtandio wake kichwani, akauliza kwa sauti ya chini, "Nani katutoka?" Bafta ndo kitambaa cha sanda, alidhani kuna msiba. Nilimwomba radhi sana, na usiku ule ule nikaiteremsha. Tangu siku ile kwenye mitaa ya watu situmii bafta, natumia tetroni nyeupe ya kanzu ile nyepesi, au shuka jeupe lililokwisha fuliwa mara nyingi likalainika. Hakikisheni ni nyeupe kweli, sio ya rangi ya maziwa, kitambaa cha rangi ya maziwa kinaupaka mwanga umanjano na mtahangaika kuutoa.

Ndani yake fungeni ubao mdogo au kipande cha chuma katikati, kining'inie kwenye kamba kutoka pete ya juu, muweke holda sita zielekee pande zote. Balbu za LED za wati 15, sita, jumla wati 90. Balbu zikae angalau sentimita 30 mbali na kitambaa kila upande, zikikaribia mtaona madoa ya mwanga na ule ulaini umepotea. Ile halojeni ya wati 500 ambayo kila fundi rangi anayo, nakuombeni msiitie humu, gilasi yake inapata joto la mamia ya digrii na kitambaa kitawaka. Hata LED msizifunge zikakosa pumzi, kitako cha balbu ndo kina mitambo yake na kikipata moto sana balbu inakufa mapema, kwaiyo juu acheni upenyo wa kutoa joto.

Rangi ya balbu someni kwenye boksi. Madukani kwetu nyingi ni 6500K, ule mweupe wa kibuluu, nyengine 3000K za manjano. Chagueni aina moja zote sita. Kwa mbaamwezi chukueni ile nyeupe na karibu na bibi muweke kandili au taa ya manjano iwe kama anakaa nayo, hapo usiku utaonekana usiku. Na kama boksi limeandikwa CRI (kipimo cha namna taa inavyoonesha rangi kwa ukweli wake) 90 au zaidi, chukueni hiyo hata ikizidi bei kidogo, balbu zenye CRI ndogo zinaifanya ngozi yetu ionekane ya kijivu kama mtu anaumwa. Jaribio langu ni rahisi, napiga picha ya kiganja changu kimeshika kanga nyekundu, nyekundu ikitoka kama ya matofali balbu hizo narudisha dukani.

Kulitundika. Nyumba za uwanja wa ndani zimewarahisishia, pitisheni kamba ya nailoni kutoka roshani ya upande huu mpaka ya upande wa pili, taa ikae katikati. Lakini kwanza mtu mmoja apande aitikise ile mbao kwa mkono wake, aikune kwa ukucha, manake mbao nyingine ukiiona nzima nje kumbe mchwa keshamaliza ndani. Kama haifai tumieni upondo au mwanzi mrefu, chini mapolo mawili ya mchanga. Msipigilie misumari ukutani, kuta zile ni mawe ya matumbawe na chokaa, ukigonga msumari plasta inashuka na kipande kizima na kuitengeneza kwa chokaa kama ya zamani ni kazi na gharama. Kamba ziwe mbili siku zote, moja ya kubeba na ya pili imelegea kidogo, ya kudaka ya kwanza ikikatika.

Lisiende juu sana. Mwanga ukizidisha umbali mara mbili unabaki robo. Taa ikiwa mita 2 kutoka kwa bibi tuseme mwanga wake ni moja, mkiipandisha mita 4 mmepoteza robo tatu na ulaini pia umepungua, itabidi liwe na upana wa mita mbili mpate ulaini ule ule. Mita mbili mpaka mbili na nusu juu ya kichwa, mbele kidogo na pembeni kidogo, sio utosini, ikikaa utosini macho yanakuwa mashimo.

Jambo moja wengi wanalisahau. Kuta za chokaa nyeupe zinarudisha mwanga kila upande, mtawasha baluni na uwanja mzima utang'ara kama ukumbi wa harusi, usiku wenu umekwisha. Fungeni kitambaa cheusi kuzunguka ile ngoma kining'inie nusu yake, mwanga utashuka chini kwa bibi na watoto na kuta zibaki gizani. Mimi natumia baibui kuukuu la marehemu mama yangu, limepauka mgongoni lakini bado linazuia mwanga vizuri sana, nalipandisha upande mmoja kidogo nikitaka ukuta uonekane, nalishusha nikitaka upotee. Kila mara nikilifunga namkumbuka.

Umeme: wati 90 kwa 230V ni chini ya nusu ampea, plagi ya pini tatu yenye fyuzi ya 3A inatosha. Waya uliochanika msiutie tepu, badilisheni. Kila kiungo kiwe juu, kisilale kwenye maji. Mkiomba umeme kwa jirani mumtilie TUKUZA (umeme wa kulipia kabla), kwa usiku mzima wa saa sita hamtatumia hata uniti moja, mpelekeeni hata mbili kwa heshima. Na mumwambie sheha kabla, taa inayoning'inia usiku watu wataiulizia.

Mjomba, mimi nipo Wete. Huku umeme ukikatika unakatika kweli, na jenereta linaharibu sauti. Nifanyeje?
*Mpiga video, Pemba*

Ndugu yangu wa Wete, tangu waya wa chini ya bahari kutoka Tanga uanze kuleta umeme Pemba mwaka 2010 hali si kama zamani, lakini kupiga picha kunataka uhakika na wewe unasema kweli. Achana na balbu za 230V na inveta (kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe wa 230V), inveta yenyewe inakula umeme na feni yake inaingia kwenye maiki. Chukua mikanda ya LED ya 12V, izungushie kwenye kipande cha bomba la plastiki kisimame katikati ya ngoma ile ile niliyoeleza, uunge moja kwa moja kwenye betri ya gari, na fyuzi uiweke karibu na kituo cha chanya cha betri, sio mwisho wa waya. Betri ya 50Ah ina kama wati-saa 600, usiitumie zaidi ya nusu isije ikafa mapema, basi kwa mkanda wa wati 60 una saa tano. Wavuvi wa dagaa wengi washahama kwenye karabai wanatumia LED na betri hivi hivi, mfuate mmoja bandarini akuoneshe anavyofunga waya wake, anajua kuzuia chumvi na maji kuliko mimi.

Mimi natengeneza video za bi harusi, siku ya hina na kupambwa. Vyumba vidogo, dari chini, joto, na jasho linang'aa usoni. Baluni la mita moja haliingii.
*Bi S., Michenzani*

Bi S., usilitundike. Chukua nusu yake, yaani pete moja tu na kitambaa mbele, liwe kama ungo, uliegemeze kwenye kabati pembeni ya bi harusi sentimita 80 mpaka mita moja kutoka usoni. Ukaribu huo unakufanyia kazi ya ukubwa. Balbu tatu zinatosha. Mng'aro wa jasho unatoka kwa sababu taa ni ndogo, kwaiyo inajionesha kwenye ngozi kama nukta kali, ikiwa pana ule mng'aro unatandaa ukawa wa kupendeza, na kwa ngozi nyeusi ndo unaoonesha umbo la uso. Usimwage mwanga mbele moja kwa moja, uso unakuwa bapa, na piko mkononi haionekani vizuri mpaka mwanga uje kwa ubavu. Zima taa ya darini. Feni iache, watu wasizimie, kama unataka sauti irikodi wakati mwengine.

Nimetengeneza kama ulivyoeleza zamani lakini kwenye video mistari myeusi inapanda na kushuka. Balbu mbovu?
*Mwanafunzi, Mwanakwerekwe*

Sio mbovu. Umeme wetu ni wa 50Hz na balbu nyingi za rahisi zinapepesa mara 100 kwa sekunde, jicho halioni lakini kamera inaona. Weka fremu 25 kwa sekunde na shata, yaani muda kamera inaopokea mwanga kwa kila fremu, iwe 1/50 ya sekunde, ikizidi mwanga weka 1/100. Simu ikiachwa ijichagulie yenyewe itapandisha shata na mistari irudi, kwaiyo tumia programu ya kamera inayokuruhusu kuifunga. Na kama umeweka dima ya feni kupunguza mwanga, itoe, punguza kwa kuzima balbu moja moja.

Tunataka baluni ufukweni Paje usiku, mwezi wa saba. Inawezekana?
*Kikundi cha sanaa, Makunduchi*

Mwezi wa saba ni kusi, na upande ule wa mashariki inavuma usoni moja kwa moja. Kitambaa cha mita moja juu ya mwanzi ni tanga, litavuta mwanzi, mapolo na mtu aliyeyashika. Siku hiyo msinyanyue kitu. Tandikeni shuka jeupe nyuma ya ngalawa iliyopandishwa pwani, kwenye kinga ya upepo, lifungeni pembe nne, mlipige taa ili mwanga urudi kwa waigizaji. Kama sini lazima iwe na mwanga wa juu, subirini kati ya kusi na kaskazi, usiku ambao makuti hayatikisiki.