Feni ya prosesa inavuma kama poshomili

SWALI: Kompyuta yangu ya mezani ina prosesa ya soketi ya LGA1151 na hitisinki (mabati ya kupozea prosesa) ya mnara yenye feni ya milimita 92. Nikianza kuhariri video, inavuma kama poshomili. Naishi bedsita, na mtoto hulala karibu na meza. Nikiuliza madukani Luthuli Avenue, kila feni ni "ya kimya". Nichague vipi? (Msomaji, Kahawa West)

JIBU: Kabla ya kutoa hata shilingi, hakikisha ni feni gani inayopiga kelele. Ndani ya kasha huenda kuna nne: ya prosesa, ya pawasaplai, ya kadi ya picha na ya kutolea hewa nyuma. Fungua ubavu wa kasha, ipe mashine kazi nzito, kisha kandamiza polepole kwa kifutio cha penseli ile stika iliyo katikati ya feni ya prosesa, isimame sekunde tatu tu. Usiguse mapanga, yanavunjika. Kelele isipokatika, feni mpya ya prosesa haitakufaa kitu.

Sikiliza pia aina ya sauti. Mkoromo wa kukwaruza, hasa asubuhi mashine ikiwa baridi, ni beringi iliyokwisha. Mvumo wa upepo ni kasi tu, na mara nyingi kinachoileta ni vumbi. Vumbi letu jekundu huganda kama blanketi kati ya feni na hitisinki, mahali usipoweza kupaona bila kuitoa feni. Itoe, pitisha brashi kavu ya rangi, uwashe tena usikilize. Wengine huishia hapo na hela zao mfukoni. Ukilazimika kung'oa hitisinki yenyewe, futa pesti ya zamani, ile inayopitisha joto kati ya prosesa na hitisinki, na uweke mpya, tone la ukubwa wa punje ya njegere.

Kama bado unahitaji feni, pima umbali wa matundu ya skrubu kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya jingine, si upana wa mapanga. Milimita 71.5 ni feni ya 80, 82.5 ni ya 92, 105 ni ya 120, 124.5 ni ya 140. Angalia na unene. Klipu za waya za hitisinki nyingi zimekatwa kwa feni ya milimita 25. Ile nyembamba ya 15 italegea, itetemeke, nawe utakuwa umenunua kelele nyingine.

Kasi ndiyo kelele. Ukipunguza mizunguko kwa nusu, sauti hushuka kwa takriban desibeli 15, ila hewa nayo hupungua nusu na shinikizo hubaki robo. Ndiyo maana feni kubwa inayozunguka taratibu huishinda ndogo inayokimbia, na kama kasha lako lina nafasi, tungekushauri ubadilishe hitisinki nzima upate ya feni ya milimita 120. Nyingi za aina hiyo zina urefu wa milimita 150 hadi 160, kwa hiyo pima kwanza kutoka juu ya prosesa hadi ubavu wa kasha. Kwenye boksi la feni tafuta shinikizo, linaloandikwa mmH2O. Feni ya 120 yenye 2 na zaidi itasukuma hewa kupita kati ya mabati yaliyobanana; ile ya kasha yenye hewa nyingi na shinikizo dogo hewa yake hugonga mabati ikarudi. Desibeli za boksini usizilinganishe kati ya kampuni na kampuni, kwa sababu hazipimi kwa umbali na njia moja.

Nairobi ina jambo lake. Tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa, hivyo feni ileile hapa hubeba joto pungufu kuliko kule. Ila baridi yetu hufidia sehemu ya upungufu huo. Usinunue tu feni inayotosha kwa shida.

Beringi: ya bushi ni rahisi na huanza kimya, lakini joto huimaliza mapema. Ya gololi hudumu ila ina mlio mwembamba. Kwa chumba cha kulala chukua ya mafuta, inayoandikwa FDB, yenye pini 4. Kisha kwenye BIOS (mipangilio ya ubao mama unayoifungua mashine inapowaka) weka asilimia 30 ya kasi chini ya digrii 50, asilimia 55 kwenye digrii 70, na asilimia 100 kuanzia digrii 85. Palipo na mpangilio wa kuchelewesha, weka sekunde 3 hadi 5, la sivyo feni itapanda na kushuka kila unapofungua ukurasa wa intaneti.

SWALI: Nimenunua feni ya pini 3, inakimbia mwendo wa juu saa zote. Ni mbovu? (Msomaji, Umoja)

JIBU: Si mbovu. Pini ya 1 ni ardhi, ya 2 ni volti 12, ya 3 hurudisha habari ya kasi. Pini ya 4, ambayo yako haina, ndiyo hupokea amri ya kasi, iitwayo PWM. Ubao mama ukiwa kwenye PWM hutoa volti 12 kamili na kutegemea amri hiyo kupunguza mwendo. Feni yako haina sikio la kuisikia. Ingia BIOS, badilisha soketi ya feni hiyo kutoka PWM iwe DC, yaani kasi ipunguzwe kwa kushusha volti. Usishushe chini ya volti 5, nyingi hushindwa kuanza kuzunguka.

SWALI: Kompyuta ya ofisi ya mtumba, plagi ya feni ina pini 5. Fundi anataka kukata nyaya aunge feni ya kawaida. (Msomaji, Ngara)

JIBU: Mzuie kwanza. Mashine kadhaa za Dell Optiplex zina plagi hiyo, na mpangilio wa nyaya si wa kawaida. Volti 12 ikiingia kwenye waya usio wake inaweza kuunguza ubao. Soma namba iliyo kwenye stika ya feni, utafute yenye namba hiyohiyo, au adapta ya modeli yako.